Kasyoka Agawa Dawa ya Magoti

Kasyoka alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna shule inayokifundisha: alijua kugawa. Mpe mche wa sabuni, uzi na umati wa wanawake wanaosubiri, kila mmoja ataondoka na kipande chake na hakuna atakayegeuka nyuma kukitazama cha mwenzake. Mbuzi wa sherehe alimgawa kwa namna ambayo hata wakwe wenye visirani walikosa pa kushika. Mwaka ule mfadhili alipoleta tangi moja la maji kwa kikundi kizima, yeye ndiye aliyeamua likae nyumbani kwa nani, na mpaka leo hakuna aliyemnunia, isipokuwa Ndunge. Lakini Ndunge angenuna hata kama tangi lingewekwa kwake.

Kikundi chao kiliitwa Wendo, nacho kilikuwa mwethya wa kweli, wa ile aina ya zamani: leo wote wanachimba shambani kwangu, kesho wote wako kwako, na malipo ni jasho kwa jasho na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Kule juu Nunguni mashamba yamelala kwenye mteremko, na usipochimba mitaro ya fanya-juu, mvua moja tu inakushushia udongo wako wote kwa jirani, tena yule jirani msiyesemezana. Kwa hiyo wanawake wa Wendo walichimba kila kiangazi, na kwa miaka mingi aliyewaongoza alikuwa Kasyoka.

Aliupata uenyekiti kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, na hapo ndipo penye kisa. Zamani kikundi kiliongozwa na mama aliyeitwa Kalekye, ambaye alikuwa akija kazini na kiti chake na mwavuli wake, akaketi pembeni mwa shamba na kuwaonyesha wenzake kwa kidole mahali pa kuchimba. Kasyoka siku hizo alikuwa msichana aliyeolewa juzi, ana magoti ya mbuzi na mdomo usio na breki. Akasimama mkutanoni akasema kwamba asiyeshuka mtaroni asiwaongoze waliomo mtaroni. Wanawake walipiga makofi mpaka mbwa wa ng'ambo wakabweka. Kalekye akabeba kiti chake akaenda nacho nyumbani, na Kasyoka akakabidhiwa kikundi. Sheria ni tamu sana ukiitunga ukiwa na magoti mazima.

Sasa mvi zilikuwa zimeingia kichwani na uhasama umeingia magotini. Goti la kulia ndilo lililoanza, la kushoto likaiga. Kuketi kulikuwa kazi, kuinuka kulikuwa mradi wa maendeleo. Na mtaro wa fanya-juu hauna ngazi. Unashuka kwa kuchuchumaa na kujirusha, au hushuki.

Kwa misimu miwili Kasyoka aliponea kwa hila. Siku ya kazi, alfajiri, kabla wenzake hawajafika, mumewe Mbithi alimpeleka kwenye shamba husika na kumshusha mtaroni polepole kwa kumshika makwapani, kama anayeshusha kabati la vyombo. Wanawake walipofika walimkuta mwenyekiti yumo ndani tayari, anachimba, jasho linamtoka. Akiitwa kwenye chai alijibu, "Nileteeni huku huku, kazi haingoji!" Wakasifu bidii yake. Jioni alisema anabaki kidogo kunyoosha kingo, na Mbithi akaja kumtoa. Ni Ndunge peke yake aliyeona kitu. "Huyu mwenyekiti siku hizi hatoki mtaroni," alisema. "Ama ameota mizizi?"

Ndunge na Kasyoka waliolewa mlima mmoja, mwaka mmoja, na tangu siku hiyo Ndunge hakuwahi kuridhika na lolote alilolifanya Kasyoka. Uenyekiti aliutaka waziwazi. Alilisema jambo hilo kabla ya maombi ya kufungua mkutano, na wakati mwingine alilirudia baada ya maombi ya kufunga. Sheria aliijua kwa moyo, na alingoja siku ambayo mwenyekiti atashindwa kushuka mbele ya macho ya watu.

Na zamu ya kuchimbiwa, kabla tu ya mvua za Novemba, iliangukia shamba la Ndunge.

Unaona shida iliyompata Kasyoka. Shambani kwa Ndunge Mbithi hangeweza kumshusha mtu alfajiri, kwa sababu Ndunge alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kusimama uani mikono kiunoni, akitafuta kosa la siku. Kasyoka angelazimika kushuka mchana kweupe, kwa magoti yake mwenyewe, au akabidhi kikundi.

Dawa ilikuwepo, ya marehemu mama yake. Ilikuwa mizizi ya mti ambao yule mama alikataa kata kata kuutaja jina, na ambao kijiji kizima kiliufahamu. Unachemsha, unakunywa, goti linapoa. Tatizo ni kwamba goti likipoa, tumbo linaanza. Kasyoka alijaribu mara moja, akalala akijikunja na kumwita mama yake kwa majina ambayo si ya kumwita marehemu.

Ndipo akaja Mulwa. Alikuwa mtoto wa Mutisya wa pale chini bondeni, kijana aliyekuwa akiiba mapera ya Kasyoka na ambaye sasa alifundisha mambo ya dawa katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Alikuja na sanduku la vikopo vyeupe, akawakusanya wanawake wa Wendo kwenye uwanja wa kanisa.

"Mwaitu," alimwambia Kasyoka, kama vijana wa Ukambani wanavyomwita mama wanayemheshimu, "ile dawa ya nyanya haikuwa na makosa. Makosa ni njia. Inapitia tumboni, inachoma tumbo, na mpaka ifike kwa goti imebaki kidogo tu. Sisi tumeipitisha kwa ngozi."

Mlimani pale, dawa ya kupita kwa ngozi ilikuwa na maana moja: chale. Mzee anakata ngozi kwa wembe, anasugua unga mweusi. Kanisa lilikuwa limepigana na chale kwa vizazi viwili. Mchungaji Kivuva, aliyealikwa kufungua kwa maombi, akakohoa.

"Daktari," akasema, "huo wembe uko wapi?"

"Hakuna wembe, mchungaji. Ngozi haikatwi." Mulwa akang'oa unywele kichwani mwake akauinua juu. "Chukua huu unywele, uupasue vipande elfu moja. Kipande kimoja ndio chembe moja ya hii dawa. Inaitwa nano. Kila chembe tumeifunika na mafuta kidogo, kwa sababu ngozi na mafuta wanaelewana. Unapaka, inapenya yenyewe pole pole mpaka ndani kwa goti. Hakuna uchungu, hakuna damu."

Mchungaji aliutazama ule unywele kwa muda, akaona hakuna mahali popote penye shetani, akaketi.

"Sasa kitu ndogo hivyo," Ndunge akauliza, "itaweza goti kubwa kama hiyo ya Kasyoka?"

Watu walipomaliza kucheka Mulwa akaeleza lililobaki, na hapo Kasyoka akaacha kucheka kabisa. Vikopo vingine vilikuwa na dawa. Vingine vilikuwa na ute mtupu, mweupe vilevile, mzito vilevile, usio na dawa ndani. Nani kapata kipi hakuna aliyejua, hata Mulwa mwenyewe. Aliyejua ni mwenzake aliyebaki Nairobi.

"Basi huyo mwenzako aje agawe vizuri," Kasyoka akasema.

"Mwaitu, ndio kugawa vizuri huko. Mtu akijua amepewa dawa, anaweza kupata nafuu kwa furaha ya kupewa. Hatutajua ni dawa imefanya kazi ama ni furaha."

Kasyoka aliyaelewa maneno yale yote, moja moja. Yalipokaa pamoja ndipo yalipomshinda. Kumpa mwenzako kikopo kitupu huku unatabasamu! Katika maisha yake ya kugawa hakuwahi kusikia uovu wa namna hiyo ukiitwa elimu. Lakini alikuwa na magoti, na siku ya Ndunge ilikuwa inakuja. Akafungua sanduku, akagawa vikopo kwa namba zake, akaahidi kwa niaba ya wote: kila mtu na kikopo chake, kiasi cha punje ya ndengu kila goti, asubuhi na jioni, na hakuna kupeana.

Hazikupita wiki mbili, akapona.

Si kupona kwa kubahatisha. Alipanda kwenda soko la Nunguni akateremka na kabichi mbili, hakusimama njiani hata mara moja. Alichuchumaa uani kuokota sindano ambayo haikuwa imeanguka, akainuka, akachuchumaa tena. Mbithi alimtazama kutoka mlangoni akasema Mungu ni mwema, na moyoni akashukuru kwamba mgongo wake nao umepona, maana kabati lile halikuwa jepesi.

Wenzake hawakukosa kuona. Wengine walikuwa wamepata nafuu kidogo, wengine hawakupata chochote, na wale ambao hawakupata walianza kunong'ona. Ndunge hakunong'ona. Alisimama katikati ya mkutano akiwa ameshika kiuno.

"Mimi napaka, napaka, ni kama najipaka uji. Mwenyekiti yeye anaruka kama ndama. Nani alifungua lile sanduku? Nani alipeana? Si ni yeye? Mwenyekiti alijichagulia kikopo!"

Lilimchoma lile neno. Angeambiwa mchawi angecheka. Angeambiwa mvivu angemwonyesha mtu viganja vyake. Lakini kuambiwa kwamba amejipendelea, yeye Kasyoka! Alirudi nyumbani akakiweka kikopo mezani, akakitazama. Tusimfiche: aliogopa. Kama angekigawa, huenda dawa isingetosha, magoti yangerudi kama yalivyokuwa, na Ndunge angemwona akishindwa kushuka mtaroni. Kama asingekigawa, angekuwa mwenyekiti mwenye magoti mazuri na jina baya. Alisali kidogo, akalia kidogo, akamfokea Mbithi bila sababu. Kisha akapiga moyo konde.

"Kesho kila mtu alete kikopo chake," aliwatumia ujumbe. "Na kijiko."

Walikutana jikoni kwake. Akaweka sufuria ya muthokoi juu ya mafiga, na mmoja baada ya mwingine wakakomba vikopo vyao humo ndani, cha dawa na kisicho na dawa, mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Dawa ikiwa ndani ya sufuria moja haina wivu, Kasyoka alisema, na wenzake wakaitikia. Ule ute ulikuwa mzito na haukukubali kuchanganyika, kwa hiyo wakachochea moto. Ukaanza kuyeyuka, ukabadilika rangi ukawa wa manjano, ukanukia mahindi. Ndunge, ambaye alikuwa amekomba kikopo chake akiwapa wenzake mgongo, akatoa kwenye kikapu chupa ya asali aliyoletewa na kaka yake Mutunga kutoka Kitui. Hakuna dawa ya maana, alisema, isiyo na asali ya Kitui. Hakuna aliyepinga. Asali ya Kitui haipingwi.

Kisha Kasyoka akagawa. Alichota kwa kijiko, akasawazisha kwa kisu, akamimina, akachota tena. Vikopo vilipopangwa mezani vilikuwa sawasawa mpaka ukingoni, na wanawake waliimba. Hakuwahi kugawa vizuri namna ile. Kama kuna aliyekumbuka ahadi waliyompa daktari, aliikumbuka kimoyomoyo.

Mulwa alirudi siku ya Jumanne kupima. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: mtu anaketi kwenye benchi la kanisa, anainuka bila kujishika, anatembea mpaka kwenye tangi la maji la kanisa na kurudi. Kasyoka aliinuka na kutembea kama bibi harusi. Wengine walijivuta hivi hivi, wote kwa kiasi kimoja. Mulwa alikuwa ameanza kukunja uso, kwa kuwa ilikuwa lazima wengine wawe wazima na wengine wawe wabovu, na sio kundi zima kuwa nusu nusu. Halafu akaona nyuki.

Nyuki walikuwa watano, sita, wakizunguka benchi. Hawakumsumbua yeye, wala mchungaji, wala maua ya kanisa. Walizunguka magoti.

"Mama zangu," akasema taratibu, "kwa nini magoti yenu yananukia asali?"

Wanawake wote walitazama chini. Kasyoka ndiye aliyesimama, maana uongozi si kula nyama tu. Akamweleza yote: sufuria, mafiga, kijiko, kisu.

"Mliweka kwa moto?"

"Kidogo tu. Mpaka ikaanza kutokota."

Mulwa akaketi juu ya jiwe. "Zile chembe zikipata moto zinashikana. Inakuwa mafuta tu, mwaitu. Mafuta na asali." Akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani na kufuta macho, na hakuna aliyejua kwa hakika alikuwa anafuta machozi ya aina gani. Utafiti ule ulikuwa umekufa. Alisema ataanza upya mahali pengine, pengine Kikima, na siku dawa ikithibitishwa atawaletea Wendo kabla ya watu wote, kila mmoja kikopo chake, na vyote vyenye dawa.

"Hata huko Kikima kuna mwethya," Ndunge akamwambia, kwa nia njema kabisa.

Kwa vile hapakuwa na siri tena ya kulinda, Kasyoka aliuliza lililokuwa linamkereketa. Chake kilikuwa kipi? Mulwa akampigia mwenzake simu, akasikiliza, akasema asante, akairudisha simu mfukoni polepole sana.

"Chako kilikuwa bila dawa, mwaitu."

"Bila dawa kivipi?"

"Ute mtupu. Cha Mama Ndunge ndio kilikuwa na dawa."

"Lakini mimi nilipona!"

"Inatokea. Mtu akiamini kitu, mwili wakati mwingine—"

"Unasema goti langu ni jinga?"

Mulwa aliapa kwamba hakusema hivyo, ila goti lenyewe lilikuwa limesikia. Kasyoka alikuwa amekuja kanisani akitembea kama bibi harusi; alirudi nyumbani akishika ua wa kila boma. Wanawake walicheka mpaka wakaketi chini, na hawakucheka kwa ubaya, lakini yeye aliumia. Alifunga mlango akalia sawasawa. Alikuwa amejitoa mhanga mbele ya watu wote, akatoa dawa yake kwa machozi na maombi, kumbe waliokuwa wakitoa ni wengine, na yeye aliwaongezea ute.

"Jumatatu nikushushe?" Mbithi aliuliza kwa upole.

"Shambani kwa Ndunge? Utanipitisha wapi, chini ya ardhi?"

Kesho yake jioni mlango ukabishwa. Alikuwa Ndunge, amejifunika leso mbili na kuangalia nyuma kama mtu aliyeiba kuku. Aliingia bila kukaribishwa, akamwambia Mbithi aende akaangalie kama ng'ombe wamelala, na akatoa chini ya leso kikopo cheupe. Kilikuwa na dawa zaidi ya nusu.

"Kaa. Toa goti."

"Hiyo imetoka wapi? Si ulimwaga yako kwa sufuria? Nilikuona."

"Uliona mgongo. Nilimwaga mafuta ya kukamulia ng'ombe, dawa nikaiacha nyumbani." Ndunge alilisema bila haya yoyote. "Yangu ilifanya kazi mapema sana. Hata ngazi ya posho mill napanda nikiimba. Lakini ningesema nimepona, si ungenipa jembe kubwa? Nikanyamaza nikalalamika."

Kasyoka aliangalia kikopo, akamwangalia Ndunge, na mazoea ya maisha yake yote yakamfanya atazame mlangoni. "Basi tuite wengine. Nitaleta kijiko."

"Kasyoka! Ukiita mtu hata mmoja, naondoka nayo. Umeshagawa, wote tuliona ulivyogawa. Toa goti."

"Na wewe unapata nini? Jumatatu nikishindwa kushuka, kiti ni chako. Umekitaka tangu tuolewe."

Ndunge alikuwa amepiga magoti sakafuni, magoti yake mazima, akipaka kiasi cha punje ya ndengu kama daktari alivyoagiza. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Wewe unadhani nakitaka? Nikae hapo, niamshwe na watu kwa sababu ya nusu mche wa sabuni? Nipigiwe kelele na kila mtu na ninyamaze, eti mimi ndio mwenyekiti? Mimi nikiwa mwenyekiti nitamlalamikia nani?" Akasugua kwa hasira. "Kaa hapo kwa kiti chako uniache nikitake."

Kasyoka akacheka, halafu akagundua kwamba analia tena, halafu akanyoosha goti la pili.

Ndunge alikuja kila jioni, kikopo chini ya leso, maana hakumwamini Kasyoka kukaa na kitu bila kukigawa. Alipaka, akatukana mapishi ya humo ndani, akaenda zake. Na magoti yakalegea kidogo kidogo. Au yalilegea kwa dawa, au kwa kusuguliwa na mtu mwenye hasira. Daktari angehitaji vikopo vingine vingi kulijua hilo.

Jumapili Mchungaji Kivuva alisimama mimbarini akafungua Matendo ya Mitume. Alihubiri juu ya Anania na Safira, wale watu wawili walioficha sehemu ya mali yao wakati kanisa zima lilipotoa yote ikawekwa pamoja. Kasyoka aliketi benchi la tatu na Ndunge kando yake, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mchungaji alipofika pale Anania anapoanguka na kufa, Ndunge alianza kujipepea na kitabu cha nyimbo. Alipofika pale Safira naye anapoletwa, Kasyoka hakuvumilia tena. Akasimama ili akiri.

Alisimama wima, mara moja, kama askari, hakushika benchi wala bega la mtu. Kanisa zima lilikuwa limemwona siku chache tu nyuma akirudi nyumbani kwa kushika ua.

"Bwana asifiwe!" mchungaji akapaza sauti.

"Asifiwe sana!"

"Mmeona wenyewe! Mama ameinuka!" Vigelegele vikapasuka, kwaya ikadaka wimbo, ngoma ikaingia, na Kasyoka akabaki amesimama katikati ya shangwe, mdomo wazi, dhambi yake ikiwa bado kwenye ulimi.

Ndunge akamvuta sketi. "Kaa chini," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Umeshashuhudia."

Jumatatu asubuhi kikundi kizima kilikuwa shambani kwa Ndunge na majembe. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na mtaro ulikuwa unangoja, mrefu na wa kina, wa kufukuliwa upya tangu mwanzo wa shamba hadi kwenye migomba. Habari za kanisani zilikuwa zimezunguka mlima, na watu walikuja kutazama hata wasio wanachama. Kasyoka alisogea ukingoni. Akachuchumaa. Goti la kulia likalia, la kushoto likaiga, uchungu ukapita kama kichomi kisha ukatulia, naye akajirusha. Akasimama chini, mzima, akakamata jembe na kutupa udongo wa kwanza upande wa juu. Wanawake walipiga makofi, nao wakaanza kushuka mmoja mmoja.

Alichimba kwa furaha hadi jasho likamwingia machoni. Kisha sauti aliyoifahamu ikamfikia kutoka juu.

"Mwenyekiti! Huo mtaro umepinda! Hii ni shamba yangu, si njia ya nyoka!"

Kasyoka alirudi nyuma akautazama. Ulikuwa umepinda kweli. Aliinua macho akamwona Ndunge pale ukingoni, mikono kiunoni, amesimama juu ya kila mtu, na kwa mara ya kwanza tangu waolewe mlima mmoja alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Basi shuka uunyooshe!" akamwambia.

Wanawake wote wakageuka. Ndunge aliinama taratibu, akashika goti moja, kisha jingine, na uso wake ukajaa maumivu ambayo mtu yeyote angeyaamini.

"Ningeshuka," alisema, "lakini haya magoti yangu. Na kadawa kangu kameisha."